Mama Hajapanda

Perez alishuka kwenye boda pale Nyalenda Jumatatu saa nne asubuhi akiwa na begi moja, jogoo mmoja na gauni lililolowa mpaka magotini. Mafuriko yalikuwa yamemfukuza Ahero. Maji yaliingia jikoni, yakaingia sebuleni, yakapanda kitandani, na yalipofika kwenye kabati la vyombo yeye akasema basi, nyumba chukueni. Alimlipa mwenye boda, akamkemea kwa kuendesha vibaya, kisha akaingia kwenye ploti anakoishi mwanawe Zadock bila kubisha, kwa sababu lango lenyewe lilikuwa bati lililoegemezwa tu.

Benta, mkewe Zadock, alikuwa anamwagilia mboga. Alitupa kopo chini akamkimbilia.

"Mama! Pole, Mama! Tumekupigia simu tangu jana!"

"Simu iko kwa maji, mbuzi iko kwa maji," Perez alisema. "Mimi ndiyo nimetoka. Nipe kiti, nyar Seme."

Nyar Seme, yaani binti wa Seme, ni Benta, maana kwao ni Seme. Kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa Perez hakuwahi kumwita jina lingine, awe amefurahi au amekasirika, na Benta alikuwa amejifunza kusikiliza sauti ili ajue leo ni hali ipi. Siku hiyo sauti ilikuwa nzuri. Akamletea kiti, akamletea chai. Perez akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, ndipo akainua macho akaona magunia.

Yalikuwa ishirini na mawili, yamepangwa mistari miwili kando ya ukuta. Kila gunia lilijaa udongo, katikati likiwa na nguzo ya kokoto ya kupitisha maji, na ubavuni limetobolewa matundu ambamo mboga zilichomoza. Managu, yaani mnavu, juu, sukuma ubavuni, saga, ile mboga ya mgagani, kwenye yale ya nyuma. Juu yake Benta alikuwa amefunga neti kuukuu ya mbu, kwa sababu jua la Kisumu likifika saa saba halimhurumii mtu wala jani. Kwenye mdomo wa kila gunia alikuwa ametandaza magugu maji makavu yaliyotoka ziwani, ili unyevu usikimbie. Managu yalikuwa na majani mapana, kijani cha kukaribia weusi, ya kukutia njaa hata kama umetoka kula sasa hivi.

"Yawa!" Perez akasimama. "Hii yote ni yako?"

"Ni yetu, Mama."

"Ulipanda lini?"

Benta alijibu kwa kiburi kidogo tu. "Mwezi wa tatu, Mama. Mvua ilivyoanza. Sijavuna hata jani moja bado, nangojea Alhamisi, kuna mtu wa..."

"Mwezi wa tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilipanda lini?"

Hapo Benta akaelewa. Kwa desturi yao msimu hufunguliwa na mama wa boma. Yeye ndiye hupanda kwanza, kisha wake za wanawe wafuate, mkubwa kabla ya mdogo. Mke anayemruka mama mkwe anamletea mumewe chira, ile laana ambayo haina dawa ya duka. Kila mwaka Benta hupiga simu Ahero: Mama, umepanda? Akijibiwa nimepanda, ndipo anatia mche kwenye udongo. Mwaka huu miche ilikuwa imeanza kuwa njano, mvua ikanyesha vizuri, Benta akawa na haraka. Akajiambia kwamba gunia si shamba. Simu hakupiga.

"Mimi sijapanda," Perez alisema polepole. "Tangu huo mwezi wa tatu shamba yangu ni bwawa. Kambare wanaogelea pale nilitaka kuweka mahindi. Mimi mama ya hii boma sijaweka mbegu hata moja, na wewe unataka kuvuna."

"Mama, nisamehe, nilisahau. Lakini Alhamisi mtu wa hoteli anakuja kuchukua mboga!"

"Akuje tu. Tutampa chai." Perez akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya magunia, akakaa. "Jani haitoki hapa kabla sijapanda."

*

Huyo mtu wa hoteli aliitwa Debra, mnunuzi wa vyakula wa hoteli moja kule Dunga. Alikuwa ameahidi kufika Alhamisi saa moja asubuhi kuchukua mafungu hamsini ya managu. Yakimpendeza, angekuwa anachukua hamsini kila Jumatatu na kila Alhamisi. Yasipompendeza, au asipoyapata, alikuwa na wauzaji wengine wanaomsumbua kwa simu.

Benta alikuwa amewafulia nguo watu wa nyumba moja ya Milimani kwa miaka sita. Ijumaa iliyotangulia, dakika chache baada ya Debra kuthibitisha, mama mwenye nyumba alimwambia shuka hazijatakata. Benta akamjibu kwa maneno aliyokuwa ameyaweka akiba miaka sita yote. Alimwambia kwamba Mungu amempa mikono miwili, ajaribu kuitumia. Akaongeza jambo kuhusu soksi za mzee wa nyumba. Kwa hiyo huko hakukuwa na kurudi, na kama Debra angeondoka mikono mitupu, Benta hakuwa na kazi ya pili wala ya kwanza.

Zadock alirudi jioni kutoka mjengoni akiwa amejaa saruji mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole. Alimkuta mamake amekaa mbele ya mboga, mkewe amesimama mlangoni, na jogoo mgeni amelala kwenye viatu vyake vya kanisani. Akaelezwa na wote wawili kwa wakati mmoja.

"Tutaangalia," alisema.

"Utaangalia nini?" wanawake wakauliza pamoja. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Nakhumicha alikuwa amekwisha kutoka kwake na kuleta stuli yake. Huyu ni jirani wa mlango wa pili, mjane Mbukusu anayeuza mandazi, mwenye kitanda kimoja kipana na maoni mengi. Na alikuwa na haki ya kusikiliza, kwa sababu Perez hangeweza kulala kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa. Huo nao ni mwiko. Angelala kwa Nakhumicha.

"Mama, gunia si shamba," Zadock alianza. "Gunia ni chombo. Ni kama sufuria tu."

"Ndani yake kuna nini?"

"Udongo."

"Umetoka wapi?"

"Kule tulichimba msingi wa ghorofa."

"Kwa hivyo ni udongo ya Mungu. Si ya kiwanda." Perez akawageukia wengine. "Nani mwingine?"

Nakhumicha akajiweka sawa. "Mama Zadock, mimi nisikize. Mbegu haikupandwa na Benta. Mbegu nilipanda mimi, kwa beseni yangu, mimi Mbukusu wa Kimilili. Sisi hatuna hiyo maneno yenu. Benta amehamisha tu. Kuhamisha si kupanda."

Zadock akaitikia kwa kichwa kwa matumaini makubwa. Benta akajiona amepata wakili. Perez akamgeukia jirani huyo.

"Mtoto akizaliwa kwako halafu akuje alelewe kwangu, akikula ugali hapa miaka kumi, ni wa nani?"

Nakhumicha akavuta stuli yake nyuma. "Hiyo nayo ni ngumu," alikiri.

"Mama," Benta akasema, na hapa alikosea, "hata hiyo desturi watu wa mjini hawafuati siku hizi."

Perez hakupaza sauti. Alimtazama mwanawe. "Zadock. Hicho kidole kiliumia lini?"

Zadock aliangalia kidole chake cha shahada, ambacho ukucha wake ulikuwa mweusi bado kwa kugongwa na nyundo. "Mwezi wa nne."

"Enhe. Baada ya mwezi wa tatu."

Zadock akakitazama kile kidole kwa macho mapya. Halafu, badala ya kumtetea mkewe, akaanza kumsaidia mamake kukumbuka. "Na ile simu yangu iliangukia chooni," alisema. "Ilikuwa baada ya Pasaka. Na ile mvua iling'oa bati."

"Simu iliangukia chooni kwa sababu ulikuwa unaangalia mpira ukiwa umechuchumaa!" Benta alilia. "Yesu! Chira gani hiyo inafuatilia mpira?"

Lakini Zadock alikuwa ameshaogopa. Usoni ilionekana wazi kwamba anahesabu mafua, deni la kinyozi, na goli la dakika ya mwisho. Kikao kikafungwa bila uamuzi, na mboga zikabaki zimefungwa.

*

Jumanne Perez alilinda magunia kuanzia alfajiri. Waswa, kijana wa boda wa chumba cha mwisho, aliyekuwa ameyakodolea macho managu hayo wiki mbili, alikuja na sarafu yake ya ishirini.

"Mama, nipimie kidogo."

"Kwenu wewe ni wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Kaka yako mkubwa amekula mboga ya mwaka huu?"

Waswa akakuna kichwa. "Mama, mimi hata sijui kama kaka yangu amekula lunchi. Nataka mboga tu."

"Mpigie umuulize," Perez akasema. Waswa alikwenda kununua kabichi.

Shida ya Perez ni kwamba alikuwa mkulima, na mkulima hawezi kukaa mbele ya mboga mikono ikiwa mapajani. Kufikia saa tatu alikuwa ameona vidukari chini ya majani ya sukuma. Alivumilia kwa muda. Kisha akaomba majivu ya jiko, akayanyunyiza jani kwa jani huku akinung'unika. Akaona saga zimebanana, akasema kwa joto hili la ziwa na unyevu huu mboga ikikosa hewa inaoza shina, akazitenganisha kwa fimbo. Akakamata konokono tisa. Saa tano akamzuia Benta asimwagilie: "Maji kwa jua kali namna hii unataka kuzipika? Ngoja jioni!" Benta akajibu kwamba yeye humwagilia chini, si kwenye majani. Perez akachungulia, akaona ni kweli, akasema kwa shida kwamba hiyo si mbaya.

Lililomuumiza zaidi ni maua. Managu yalikuwa yameiva kabisa. Ukiyachelewesha siku mbili tatu katika joto kama hilo, yanatoa maua meupe, yanaweka tunda, jani linakuwa gumu na chungu hata ulichemshe na maziwa. Perez aliyaona maua ya kwanza Jumanne hiyo hiyo. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba yanaomba kuvunwa. Aliyakata maua kwa kucha, moja moja, akayaweka pembeni kwa heshima kwenye kisahani, ili mtu asije kusema amevuna.

Benta, kwa kukata tamaa, alijifunga leso akatembea mpaka Milimani. Alisimama kwenye lango lile la miaka sita akipanga maneno ya kuomba radhi, ambayo yalikuwa machache sana ukilinganisha na yale ya Ijumaa. Lango likafunguliwa na msichana mgeni mwenye povu mpaka viwikoni.

"Unatafuta nani?"

Kutoka ndani ile sauti aliyoijua ikauliza: "Ni nani huyo?"

"Ni mama fulani!" msichana akajibu.

"Muulize kama anajua kufua soksi!"

Benta alirudi Nyalenda kwa miguu, jua likimchoma utosini, akilia njia nzima na kuwajibu wanaomsalimia kwamba ni vumbi. Alipofika hakumwambia mtu alikotoka. Nakhumicha alimtazama tu, akampa mandazi mawili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni.

*

Jumatano saa kumi jioni Perez mwenyewe aliomba simu ya Benta. Alitaka shemeji yake, Mzee Okello, mkubwa wa boma, aseme neno ili watu waache kumwangalia kama mchawi. Mzee Okello alikuwa amekimbilia kwenye shule ya msingi kule Ahero pamoja na waliofurikiwa wengine. Simu yake iliita mara nne. Zadock akaweka sauti kubwa.

"Perez! Uko hai?"

"Niko. Okello, nataka uwaambie hawa watoto. Mke wa Zadock amepanda mbele yangu, na sasa anataka kuvuna. Ni sawa?"

"Si sawa!" sauti ikanguruma, na nyuma yake zikasikika kelele za watu na sufuria. "Mama ni wa kwanza. Hiyo haijabadilika."

Perez akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Lakini Perez," Mzee Okello akaendelea, "wewe utapanda wapi?"

Perez akaishusha simu mapajani.

"Shamba yako imekuwa ziwa. Yangu pia. Mimi hapa nimelala kwa darasa la pili, miguu iko chini ya dawati. Nakuuliza kama shemeji, nani kati yetu atapanda mwaka huu? Ngoja kidogo, wanagawa maharagwe, nikikosa nafasi kwa laini... Perez? Nitakupigia." Akakata. Hakupiga tena.

Perez alimrudishia Benta simu. Alisimama, akatazama magunia, kisha akaingia kwa Nakhumicha na kufunga mlango. Hata kisahani cha maua alikiacha nje. Hapo ndipo Benta, aliyekuwa amemchukia kwa siku tatu mfululizo kwa moyo wake wote, alipoona kwamba mama huyu hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu. Miaka arobaini amefungua msimu wa boma, watu wakingoja jembe lake, na sasa hakuna anayengoja kitu kwake, maana hana pa kuweka mbegu.

Benta alikaa kwenye kizingiti akafikiri. Kisha akamwita mumewe.

"Zadock, kesho alfajiri nenda Ahero ulete shamba ya Mama."

"Nilete nini?"

"Shamba. Udongo wake. Gunia moja. Mama apande kwa udongo wake mwenyewe, hapa, halafu mimi nifuate."

Zadock alifungua mdomo. Benta alijua neno lile linakuja, akamwahi.

"Usiniambie utaangalia! Utaenda!"

*

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Zadock aliondoka na Waswa kwa pikipiki. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa hawajarudi. Saa moja kamili gari dogo la hoteli likasimama nje, na Debra akaingia na kreti tano za plastiki, viatu safi na saa kubwa mkononi.

Aliyaona managu, akatabasamu. "Mama, hii ni mali! Iko wapi yangu hamsini?"

"Inakuja," Benta alisema. "Karibu chai."

"Hamjavuna? Saa hii?" Debra akainua uso kutazama jua, ambalo lilikuwa limeshapita paa la choo. "Mama, managu ikikatwa na jua inafika Dunga imelala. Mpishi atanirudisha nayo. Niko na mtu mwingine ananingoja Kibuye."

"Nusu saa tu, dadangu. Nakuomba."

"Kwani kuna shida gani?"

Benta alitafuta uongo mzuri, akakosa. "Mama mkwe hajapanda," alisema, huku akingoja kuchekwa.

Debra hakucheka. Alimtazama Perez, aliyekuwa amejitokeza mlangoni kwa Nakhumicha bado amejitanda leso ya kulalia, akaweka kreti zake chini taratibu. "Nusu saa," alisema, akachukua chai.

Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita, na Debra ameangalia saa yake mara sita, pikipiki iliposikika. Waswa aliingia akiwa na tope mpaka kwenye meno. Nyuma yake Zadock alikuwa amelikumbatia gunia linalotiririka maji meusi, naye akitiririka nalo.

"Tumeogelea!" Waswa alipiga kelele. "Yeye ameingia mpaka shingo, anachota na ndoo! Halafu kizuizini polisi anauliza hii ni nini inavuja. Huyu anamwambia ni shamba ya mamangu!"

"Akasemaje?" Nakhumicha aliuliza.

"Akachungulia ndani. Chura akamrukia. Akatuambia twende na shamba yetu haraka."

Zadock alilishusha gunia mbele ya mamake. "Mama, nimetoa pale kando ya mti wa ndimu. Pale huwa unaanza."

Perez alichuchumaa, akatia mkono ndani ya tope lile zito jeusi, akaliminya, akalinusa. Machozi yalimtoka, na hakujali nani anamwona. "Ni yenyewe," alisema. Kisha akapangusa pua na kuwa Perez tena. "Limekunywa maji kama mlevi. Leteni majivu. Leteni kokoto. Wewe wa boda, toboa hapa chini maji yatoke!"

Kutoka kwenye begi lake alitoa kichupa cha mbegu za kunde zilizochanganywa na majivu, kitu pekee alichokumbuka kubeba maji yalipoingia, ukiacha jogoo. Akatoboa tope kwa kidole. Akaweka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ploti nzima ilisimama ikimtazama, hata Debra, kikombe kikiwa mkononi.

"Nimepanda," Perez alisema. "Nyar Seme, sasa panda wewe."

Benta aling'oa mche mmoja wa managu kwenye gunia la kwanza, akaurudisha udongoni, akageuka kuchukua kisu.

"Na hayo mengine?"

"Yote, Mama?"

"Ulipanda yote mbele yangu au ulipanda moja?"

Basi Benta alikimbia. Ng'oa, rudisha, shindilia, gunia kwa gunia, jasho likimtiririka, Nakhumicha akihesabu kwa sauti, Zadock akifuata na kopo la maji, jua likipanda. Alipomaliza la ishirini na mbili Debra alikuwa amemsogelea Perez na kumnong'oneza kitu.

"Nini?" Perez akauliza kwa sauti ya kufika barabarani.

Debra akajikunyata. "Nasema... mimi niko na dania kwa ndoo. Kwa balkoni. Na mamangu Ugenya sijamuuliza."

"Umeolewa?"

"Bado, Mama."

"Basi kula dania yako. Ukiolewa ndiyo utaanza kuogopa." Perez akakunja mikono ya gauni. "Sasa tuvune! Mmesimama nini?"

Alivuna yeye kwanza, fungu moja, akaliweka pembeni kwa chakula chake. Kisha wakaingia wote. Perez alikuwa anavunja machipukizi kwa vidole viwili kwa kasi ambayo Benta, mwenye kisu, hakuweza kuifikia. Zadock alifunga kwa nyuzi za mgomba. Debra mwenyewe alivua saa akasaidia. Saa mbili na robo kreti tano zilikuwa zimejaa, zimenyunyiziwa maji na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Debra akatafuna jani moja bichi, akafumba macho.

"Jumatatu," alisema. "Hamsini zingine. Na kunde ya Mama ikitoka, nipigieni simu."

Gari likaondoka. Benta aliketi chini, pale pale kwenye tope, akacheka mpaka akashindwa kuacha. Hangefua tena soksi ya mtu, isipokuwa za Zadock.

Zadock, kwa furaha, akaona ni wakati wa kuwa mwana mwema. "Mama, usijali sasa. Maji yakishuka Ahero tutakurudisha nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ahero, Mama."

"Mama ya boma anakaa pale amepanda," Perez alisema. "Mimi nimepanda wapi?"

Wote wakatazama lile gunia jeusi lililokuwa bado linavuja maji. Zadock akalitazama zaidi ya wote, maana ndiye aliyelileta.

"Na kitanda changu?" Nakhumicha aliuliza kwa sauti ndogo.

Benta aliacha kucheka. Aliona miaka yote inayokuja: kuamshwa kabla ya jogoo, kufundishwa kufunga fungu, kuulizwa mbele ya wateja kama amesafisha matundu. Aliona pia mwanamke aliyepoteza jiko, mbuzi na kitanda kwa siku moja, ambaye leo kucha zake zilikuwa na tope la kwake. Huruma ikamjaa, pamoja na hofu.

"Kaa na sisi, Mama," alisema.

"Kwani nilikuwa nakuomba?" Perez akajipangusa macho kwa pembe ya leso, kisha akamsukumia lile kopo. "Lete maji. Na uanze na hili langu."